Mkanda wa Pili wa Mzee Kilemba

Nyie vijana niliowaachia ukumbi mmeniomba niwaandikie kidogo kazi ilivyokuwa zamani, na kwa kuwa mmeomba kwa adabu, haya, naandika. Ila tukubaliane mapema. Sitaeleza nililipwa nini, wala nilifikaje mpaka nikakabidhiwa funguo. Hayo hayana utamu, na mengine yananiuma mpaka leo. Nitaeleza kazi. Siku hizi mnafungua mlango, mnawasha skrini, mpira unaanza na watu wanapiga kelele wenyewe hadi dakika ya mwisho. Zamani kelele tulikuwa tunazianzisha sisi.

Jengo mnalijua, lakini mnalijua likiwa limepakwa rangi. Miaka ya tisini mwanzoni lilikuwa ghala la tumbaku lililoachwa, hapo hapo karibu na stesheni, na harufu ya tumbaku haikutoka hata tulipopiga chokaa. Mbele kulikuwa na tivii moja juu ya meza ndefu, deki chini yake imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama kochi la wageni, na spika mbili ukutani. Jenereta lilikaa nyuma, nje, na kamba ya kuliwashia ilishachubua viganja vya watu wengi. Watu waliketi kwenye mabenchi ya mbao. Nyuma ya mabenchi walisimama wenye baiskeli, kila mtu ameshika usukani wake, maana hakuna mwenye akili aliyeacha baiskeli nje siku ya mnada wa ng'ombe.

Mimi niliajiriwa mlangoni. Nilichana tiketi, nikavua watu kofia na kupokea fimbo. Wateja wetu wengi siku za mnada walikuwa Wasukuma waliokuwa wamehamia huku na ng'ombe wao, wenye makofia ya pama na fimbo mkononi, na mtu akiketi mbele amesimamisha fimbo, wa nyuma anaangalia picha yenye mstari katikati. Basi fimbo zote zilibaki kwangu, nimeziegemeza kwenye kona. Siku yangu ya kwanza, picha ilipoisha, nikajifanya mjanja, nikaanza kuzigawa kwa kukisia. Nikamkabidhi mtu fimbo ya shemeji yake. Weee! Nilisemwa siku ile utafikiri nimemwozesha mke wa mtu. Tangu hapo nilikuwa nasogea pembeni tu, kila mtu anajichukulia, na hakuna aliyewahi kukosea.

Bwana mkubwa wa pale, mbali na mwenye ukumbi ambaye alionekana wakati wa kufunga hesabu tu, alikuwa Fundi Oska. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mfipa, mwembamba, tone la pombe ya ndizi hajaligusa maishani, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Alijua kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti bila kukikwaruza. Alijua kuunga mkanda uliotafunwa, anaukata kwa wembe na kuubana na salotepu nyembamba, halafu kwenye picha mtu anaruka ghafla kutoka kitandani hadi sokoni, na Fundi anasema kwenye kipaza sauti, "Hapo amelala, ameamka, amekwenda sokoni." Lakini kazi yake hasa ilikuwa hiyo ya kipaza sauti. Fundi Oska alikuwa mtafsiri.

Sasa niwaambie jambo, msicheke. Fundi alitafsiri picha za Kihindi na hakujua Kihindi. Picha za Kichina, Kichina hajui. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma maandishi kwenye mabehewa. Alichofanya ni hiki: mkanda ukifika na treni kutoka Tabora, alijifungia nao asubuhi, akautazama mara mbili. Mara ya kwanza anatazama nani anamchukia nani. Mara ya pili anawapa majina. Hakushughulika na majina yao ya kwao. Mwenye miwani alikuwa Bwana Miwani, askari mnene alikuwa Afande Kitambi, na steringi, yaani shujaa wa picha, alibaki Steringi, maana huyo hahitaji jina. Mchana watu wakijaa, anakaa kwenye kigoda pembeni ya tivii na kusema maneno ya wote, wa kike na wa kiume, anabadilisha sauti tu. Watu walitoka hadi Kawajense na Ilembo, pembezoni mwa mji, kumsikiliza yeye. Kuna wakati tulionyesha picha ile ile mara nyingi hadi mkanda ukafifia, na watu wanarudi, kwa sababu Fundi hakuwahi kuisema sawasawa mara mbili.

Mimi niliingia kwenye tafsiri kwa bahati. Mama yangu ni Msukuma aliyeolewa na Mbende, kwa hiyo nyumbani tulikua na lugha tatu, Kisukuma, Kibende na Kiswahili, tukigombana kwa ile inayouma zaidi. Siku moja ya mnada nimeketi mlangoni, mzee mmoja wa benchi la nyuma akanigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma, "Mayu, huyo bwana anasema nini?"

Mayu ni mama, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, hata kama ni binti. Nikamwambia, "Anasema yule dada hataki kuolewa na tajiri."

"Na tajiri anasema nini?"

Basi nikakaa hapo. Huyo alikuwa Mzee Masanja. Alikuwa na boma mbele ya Ilembo, na siku za mnada alikuja mjini na mkokoteni wa ng'ombe. Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi na cha kumpa mtu pole, basi. Picha za ngumi hakuzitaka. "Ngumi naziona bure nyumbani," alisema, "nina wana wa kiume." Alitaka za Kihindi, zenye baba na mama na watoto na harusi. Mnada uliofuata wazee wengine wakasogea kutuzunguka, na baada ya muda benchi lile likawa langu. Fundi alikasirika mwanzoni. Alisema sauti mbili kwenye picha moja ni kama mapishi ya wake wenza. Lakini alipoona benchi linajaa, akanifundisha: nimsikilize, nisubiri avute pumzi, niseme langu kwa sauti ya chini na kumaliza kabla hajaanza. Jaribuni. Si kazi ya kitoto.

Mzee Masanja nilimpenda, na kuna jambo lake moja lililoniumiza roho kila mnada.

Nje ya mlango wetu palikuwa na msichana aliyeuza karanga kwenye sinia, anaitwa Minza, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa binti yake. Alikuwa ameondoka bomani bila ruhusa, akaenda kuishi Kawajense na kijana wa Kikonongo, Gervas, fundi baiskeli. Kijana mzuri, mpole, lakini hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na mbaya zaidi hakutuma mtu kuomba. Alimchukua tu. Mzee alisema bomani kwake hakuna binti wa jina hilo, na wote bomani wakaacha kulitaja.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Mzee anashuka kwenye mkokoteni, anakuja mlangoni kwangu, ananipa fimbo juu ya kichwa cha binti yake aliyechutama hapo na sinia, anaingia. Hatazami chini. Picha ikiisha anapita vilevile. Siku moja nilimwuliza Minza, "Mdogo wangu, kwa nini usiuzie sokoni? Watu ni wengi kule."

Akasema, "Sokoni baba hapiti, dada Tekla."

Sikumwuliza tena.

Sasa tufike kwenye masika ile. Picha ndefu za Kihindi zilikuja kwa mikanda miwili, na Fundi alikuwa na sheria: mkanda wa kwanza hauonyeshwi mpaka wa pili uwe mezani na yeye awe ameuona. Alisema mtafsiri asiyejua mwisho ni kama mtu anayeelekeza wageni njia asiyoipita. Lakini mwaka ule mvua zilikuwa kali, maji yakawa yanakula reli, treni inakuja ikijisikia. Tukakaa bila picha mpya mpaka watu wakaanza kututukana barabarani. Siku ya mnada treni ikaingia, mfuko wetu ukafika, ndani kuna mkanda wa kwanza. Wa pili umesahaulika Tabora, utakuja na safari inayofuata. Mwenye ukumbi akasema onyesheni hivyo hivyo. Fundi akabisha, mwenye ukumbi akasema watu wameshajaa mlangoni, na walikuwa wamejaa kweli.

Tukaonyesha. Picha yenyewe ilikuwa ya baba mmoja tajiri mwenye kilemba kikubwa, Fundi akamwita Mzee Kilemba, na binti yake mwenye bangili mikono yote, Binti Bangili. Binti anampenda mfinyanzi wa vyungu. Baba anakataa. Binti anaondoka na mfinyanzi wake. Baba anatoa vyombo vyote alivyotumia binti, sahani, kikombe, kioo, anavitupa uani. Nilikuwa natafsiri huku namtazama Mzee Masanja kwa pembeni, na natamani ardhi inimeze. Mzee mikono ameifumbata magotini.

Mkanda ukaisha pale baba ameketi peke yake mezani, chakula kimejaa, hakigusi. Baadhi ya akina mama wakawa wanafuta macho kwa khanga. Hapo Fundi Oska, ambaye hakuwahi kuwaacha watu waende nyumbani na huzuni, akajisahau. Picha zote za Kihindi alizowahi kuziona ziliisha kwa watu kukumbatiana. Akasimama na kipaza sauti chake.

"Msilie, ndugu zangu! Mnada ujao mtamwona mzee huyu akiingia nyumbani kwa binti yake, na mtalia kwa furaha!"

Watu wakapiga makofi. Nami nikasema kwa Kisukuma kama alivyosema. Mzee Masanja akanigeukia.

"Amesema ataingia?"

"Ndivyo alivyosema, baba."

Akachukua fimbo yake, akatoka. Nikamfuata kwa macho. Alipofika penye sinia la karanga, mwendo wake ulipungua. Hatua moja tu, halafu akaenda zake. Minza akaacha sinia, akaja mbio kwangu.

"Dada, baba amesimama!"

"Hakusimama, Minza. Amepunguza mwendo."

"Kwa baba ni kitu kimoja," akasema, na akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo.

Mnada uliofuata treni haikuja. Mzee alikuja, akauliza kama mkanda umefika, akageuza mkokoteni. Uliofuata tena, vilevile. Na kila alipogeuza, macho yake yalikuwa yanakaa kidogo upande wa sinia, hayashuki lakini hayakimbii. Mji mzima ulikuwa unaulizana habari za Mzee Kilemba, sokoni, mashineni, hata nje ya kanisa. Ila sisi watatu, mimi na Fundi na Minza, tulijua kuna mtu mmoja anayesubiri kwa namna yake. Minza alianza kumvika mtoto nguo safi siku za mnada. Nilipoiona ile nguo safi niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Hatimaye treni ikaingia asubuhi ya mnada, mkanda wa pili umo. Mimi na Fundi tukajifungia, tukautazama.

Mzee Kilemba anafunga safari kumtafuta binti yake. Mvua inanyesha. Anafika kwenye kijumba cha mfinyanzi, anasimama mlangoni. Ndani kuna taa, kuna mtoto anacheka. Anainua mkono kubisha hodi. Mkono unabaki hewani. Kisha anaushusha, anageuka, anaondoka na mvua yake. Anarudi kwenye jumba lake kubwa na kufa humo peke yake, na binti anakuja kulia juu ya maiti. Mwisho.

Fundi akazima deki. Akakaa.

"Ala," akasema. "Hawa Wahindi wa safari hii wamekula nini?"

Kabla sijamjibu, mlango ukagongwa. Minza. Ameshatandaza karanga zake nje, na hakuweza kusubiri.

"Ameingia?"

Nikamwambia. Alisikiliza yote, hata ile sehemu ya maiti, halafu akanishika mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na chumvi ya karanga.

"Dada Tekla, baba hasikii Kiswahili. Wewe ndiye masikio yake. Mwambie aliingia."

"Ataona mwenyewe, Minza."

"Mwambie ameingia kwa mlango wa nyuma! Mwambie amekwenda kuchukua zawadi, anarudi! Mwambie huyo aliyekufa ni ndugu yake! Fundi anawapa watu majina anayotaka, kwa nini hili lishindikane? Nakuomba. Nimekaa hapa chini masika yote."

Kusema kweli, nilitaka kufanya hivyo. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni, na Kisukuma changu kizuri, hata mama yangu angeamini. Nikamgeukia Fundi, nikamwambia kitu gani kitaharibika, picha ya Wahindi wasiotujua?

Fundi alikuwa anazungusha mkanda kwa kidole taratibu. Akasema, "Tekla, maneno ya kwenye picha ni yetu. Tuseme tutakavyo. Miguu ni ya kwao. Mtu akiona miguu inaondoka, ukamwambia imeingia, hatakuamini tena hata ukimwambia moto unaunguza."

"Lakini ni wewe uliyesema ataingia!"

"Ni mimi. Nimeshakosea kwa mdomo wangu. Sitakosea mara ya pili kwa mdomo wako."

Minza akatoka analia. Nilimchukia Fundi Oska asubuhi ile, na nilimwambia hivyo hivyo, nakuchukia. Akasema sawa, nimsaidie kupeleka mafuta kwenye jenereta.

Mchana ukumbi ulifurika. Watu walikaa hadi chini mbele ya tivii, na wenye baiskeli walifukuzwa na baiskeli zao. Mzee Masanja alikuja amevaa shati jeupe. Akanipa fimbo, akaketi mahali pake. Kabla ya kuwasha, Fundi alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alishika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, ule mnada niliwaambia kitu ambacho sikuwa nimekiona. Nisameheni. Leo tazameni wenyewe." Watu wakanung'unika, hawakuelewa. Nikatafsiri.

Mzee akauliza, "Maana yake nini?"

"Maana yake tutazame, baba."

Picha ikaenda. Nilitafsiri vizuri siku ile, kuliko siku zote, kwa sababu niliogopa kuacha hata neno moja. Tukafika kwenye mvua. Tukafika kwenye mlango. Pale hakuna anayezungumza, ni mvua tu na yule mtoto anacheka ndani, na Fundi akanyamaza. Kwa hiyo na mimi nikanyamaza. Mkono wa Mzee Kilemba ukapanda, ukabaki hewani.

"Ingia," akasema Mzee Masanja kwa Kisukuma.

Mkono bado uko hewani.

"Ingia, wewe!" Alikuwa amesimama. Waliosimama nyuma yake wakapiga kelele aketi, wanaona mgongo. Hakuketi. "Ingia! Ni mlango tu huo! Ingia!"

Wazee wa benchi letu nao wakaanza. Kisha akina mama wa mbele, kwa Kiswahili, "Ingia mzee! Ingia!" Ukumbi mzima, nawaambia, ghala lote la tumbaku linamwamuru mzee wa Kihindi aingie kwa mtoto wake. Mkono ukashuka. Akageuka.

Mzee Masanja akanishika bega. "Anakwenda wapi? Mayu, amesahau kitu?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Ningesema ndiyo, amesahau, anarudi. Angeniamini kwa dakika kadhaa, na dakika hizo zingetosha kumtoa nje mpaka kwenye sinia. Nilikuwa nayaona macho yake yanavyoniomba.

"Anarudi kwake, baba."

"Hakuingia?"

"Hakuingia."

"Na yule mtoto ndani?"

"Hakumwona."

Alibaki amesimama. Picha ikaendelea na kitanda cha mauti, nami nikaanza kutafsiri, lakini hakuwa akinisikiliza tena. Aliwaruka watu miguu akielekea mlangoni, akatoka. Fimbo aliiacha. Sijawahi kumwona mwanamume wa kwao akiondoka mahali akaacha fimbo yake, kwa hiyo nikaichukua na kukimbia nayo nje, najua nimemharibia Minza kila kitu.

Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake na jua lilikuwa kali la baada ya mvua. Mzee alikuwa amesimama mbele ya sinia. Amesimama kabisa safari hii. Minza alikuwa ameinamia karanga zake, hathubutu kuinua uso, mtoto mgongoni amelala kichwa kimeangukia upande. Nikasimama mlangoni na fimbo ya watu mkononi. Mzee alimtazama mtoto yule muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya ukali, ile ile ya kumkemea mchungaji aliyepeleka ng'ombe kwenye shamba la watu:

"Mbona mtoto yuko juani?"

Minza akainua uso. "Sina kivuli, baba."

"Kivuli kimejaa humo ndani. Mlete hapa."

Minza akavuta fundo la khanga, likazidi kukaza. Nikamsaidia. Mzee akampokea mtoto kwa namna wanaume wa kwao wanavyopokea ndama, mkono mmoja chini ya tumbo, na kuingia naye ndani. Minza akakaa chini kwenye vumbi, karanga zimemwagika, analia kwa sauti. Nikakaa naye. Nililia pia, mbona niwafiche, na watu wa onyesho la mchana walipotoka walidhani tunalilia picha.

Jioni tulionyesha mkanda ule ule tena. Mzee hakuwa ameondoka kwenye benchi lake, na mtoto alikuwa bado usingizini kwenye mapaja yake. Minza nilimwingiza, akasimama nyuma ya mlango. Mimi nikakaa mahali pangu, Fundi akaanza, nikawa natafsiri. Tulipofika kwenye ile mvua na ule mlango, Mzee Masanja akaniwekea mkono kunizuia. Akamwinamia mjukuu wake, akawa anamwambia yeye kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayefundisha:

"Usimtazame huyo. Hana akili. Amefika, halafu anaondoka."